Gari la kabureta lililofungwa injekta: kutafuta hitilafu kwenye machujio na mabomba ya mafuta

Mafundi wa Mtwara na Lindi wameizoea kazi hii: Hilux ya zamani yenye injini ya 22R ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) inafungwa 22R-E ya injekta (vipulizaji vya petroli vinavyoamriwa na kompyuta), au Corolla yenye 4A-F, nayo ya kabureta, inawekewa 4A-FE ya injekta iliyonunuliwa ya mtumba. Injini inawaka, mwenye gari anaondoka ameridhika, na baada ya wiki mbili anarudi akieleza kwamba gari linazima njiani, linakosa nguvu mlimani au linanuka petroli. Lawama humwangukia mtu wa kompyuta ya injini, au injekta zenyewe, na vipuri huagizwa kutoka Dar es Salaam, mamia ya kilomita, kwa basi. Vipuri hufika, hufungwa, na tatizo hubaki palepale. Katika magari mengi ya namna hiyo niliyoyapokea, injini iliyoletwa haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye njia ya mafuta iliyoachwa chini ya gari, yaani tangi, bomba, mpira na chujio vilivyotengenezwa kwa ajili ya kabureta.

Tofauti ya mifumo hii miwili ni presha. Kabureta hutosheka na psi 3 hadi 6 (psi ni kipimo cha presha, pauni kwa inchi ya mraba), kwa sababu kazi ya pampu yake ni kujaza kibakuli chake kidogo cha mafuta tu. Injekta za kawaida zinazopuliza kwenye milango ya silinda huhitaji takriban psi 36 hadi 44, na mafuta yasiyotumika lazima yarudi kwenye tangi kupitia bomba la pili. Mpangilio sahihi kwa pampu iliyofungwa nje ya tangi ni huu: mafuta hutoka kwenye tangi, hupita kwenye chujio pana la takriban maikroni 100 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), huingia kwenye pampu, hutoka na kupita kwenye chujio laini la takriban maikroni 10 lenye ganda la chuma, kisha hufika kwenye reli ya injekta, yaani bomba linalogawa mafuta kwa injekta zote, hupita kwenye kidhibiti presha ambacho wengi hukiita regulata, na kurudi kwenye tangi. Dalili nyingi zitakazoelezwa hapa chini hutokana na sehemu fulani ya mpangilio huo kuwekwa vibaya, kurukwa, au kufanywa kwa kifaa kisicho chake.

Kabla ya kufungua chochote, gari litolewe nje ya banda, mbali na jiko la mkaa, mashine ya kuchomelea na mtu anayevuta sigara, na kizima moto cha unga kiwe karibu na mkono. Presha itolewe kwa kuchomoa fyuzi ya pampu, kuwasha injini na kuiacha izime yenyewe kwa kukosa mafuta. Kisha waya hasi wa betri uondolewe. Hata baada ya hapo, kiungio cha kwanza kifunguliwe taratibu kikiwa kimezungushiwa kitambaa, na macho yakae mbali, kwa kuwa petroli iliyobaki huruka. Kifaa cha kwanza cha kununua ni geji ya presha ya mafuta pamoja na kiungio chake cha kati. Bei yake ni ndogo kuliko injekta nne zilizobadilishwa bure.

Harufu ya petroli, unyevu kwenye mpira, au matone chini ya gari

Dalili hii imetangulia kwa sababu ndiyo pekee ambayo haina nafasi ya "nitafika nyumbani kwanza". Mpira uliopasuka kwenye kabureta hudondosha. Mpira uliopasuka kwenye injekta hupuliza ukungu wa petroli juu ya bomba la moshi lenye joto kali. Gari lizimwe papo hapo, lisukumwe kando ya barabara, na lisiwashwe tena hata kwa "kujaribu tu".

Chanzo kinachoongoza ni mpira usiofaa. Mpira mzuri wa mafuta huwa na maandishi ubavuni: ulioandikwa SAE J30R7 ni wa kabureta na kikomo chake cha kazi ni psi 50, na ulioandikwa SAE J30R9 ni wa injekta na kikomo chake ni psi 100. Mtu anaweza kusema psi 44 bado iko chini ya 50, lakini mpira huo utakaa karibu na injini yenye joto, utatikiswa kwenye barabara ya vumbi, na utazeeka. Ndani ya miezi michache ile nafasi ndogo iliyobaki huisha. Mpira usio na maandishi yoyote uhesabiwe kuwa haufai, hata kama muuzaji anaapa. Nimewahi kukuta mpira wa gesi ya kupikia ukiwa umefungwa kati ya pampu na chujio, umevimba kama mguu wenye matende, na mwenye gari alikuwa akisafirisha abiria kwenda Masasi kila siku.

Chanzo kinachofuata ni klipu. Klipu za kawaida zenye matundu kwenye ukanda, zile zinazokazwa kwa bisibisi, huuma mpira na kuukata polepole, na zikikazwa sana huacha upande mmoja bila mgandamizo. Klipu za injekta zina ukanda usio na matundu, kingo zilizokunjwa kwenda nje, na boliti ndogo yenye nati. Tofauti hii huonekana ndogo dukani.

Baada ya klipu, kiangaliwe kichwa cha bomba la chuma ambamo mpira umeingizwa. Fundi akikata bomba la zamani kwa msumeno na kuchomeka mpira juu ya ncha laini, presha ya psi 40 itautelezesha mpira huo mpaka utoke, kwa kawaida injini ikiwa imepata joto na mpira umelainika. Ncha ya bomba lazima iwe na uvimbe wa kuzunguka, unaotengenezwa kwa kifaa cha kupanua mabomba, na klipu ikae nyuma ya uvimbe huo, si juu yake. Vumbi la chuma lililobaki baada ya kukata lisafishwe kabla ya kuunganisha, kwa kuwa litakwenda moja kwa moja kwenye injekta.

Usiotokea sana ni uvujaji kwenye viungio vya boliti vya chujio na reli, ambavyo hukaa kati ya washa mbili za shaba. Washa hizo hukubali umbo mara moja. Zikirudishwa baada ya kufunguliwa, huvuja. Kuzungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba ni kosa juu ya kosa, kwani vipande vyake hukatika na kuziba injekta. Uvujaji kwenye kitako cha injekta hutokana na ringi za mpira zilizokauka: ziwekwe mpya, zipakwe petroli au mafuta mepesi kabla ya kusukumwa, na zisipakwe silikoni.

Kuhusu bomba la shaba la mafriji, ambalo hupindika kirahisi na kwa hiyo hupendwa: shaba huwa ngumu kwa kutikiswa na hupasuka bila kuonya, na tena huharakisha petroli kuharibika na kuacha utando. Bomba liwe la chuma la mafuta au la breki lenye kipenyo kinachotosha, yaani milimita 8 kwenda mbele kwa injini ndogo, na lifungwe kwenye chasisi kwa vibanio vyenye mpira kila baada ya hatua fupi. Kwa mtu wa Mikindani, Kilwa Masoko au Lindi mjini, kuna jambo la ziada. Chumvi ya bahari hula bomba la chuma kuanzia mahali vibanio vinapokaa, ambako unyevu hujificha. Vibanio vifunguliwe na bomba litazamwe chini yake, kwani pale linapoonekana halina ubaya wowote.

Pampu inalia kwa sauti kali, inapata moto, au inakufa baada ya miezi michache

Pampu nzuri ya injekta husikika kama mvumo wa chini wakati swichi inapofunguliwa. Ikipiga kelele kama nyuki aliyefungwa kwenye chupa, inakosa mafuta upande wa kuingilia.

Pampu ya injekta inajua kusukuma, kuvuta haijui. Imetengenezwa ikae ndani ya petroli, au nje ya tangi lakini chini ya usawa wa mafuta, ili mafuta yaiendee yenyewe kwa uzito wake. Ikifungwa kwenye chumba cha injini, mahali pampu ya kabureta inayoendeshwa na injini ilipokuwa, inalazimika kuvuta kwa urefu wote wa gari. Mafuta yanayovutwa kwa nguvu hupungukiwa presha, na petroli yenye presha ndogo huchemka hata kwenye joto la kawaida. Kwa jua la Novemba huku kwetu, huchemka upesi zaidi. Pampu inapokea mapovu badala ya mafuta, nayo hutegemea mafuta hayohayo kupozwa na kulainishwa. Kwa hiyo mahali pa pampu ndipo pa kukaguliwa kwanza: karibu na tangi, chini iwezekanavyo bila kugusa mawe, na mbali na bomba la moshi.

Kama pampu ipo mahali pake, linalofuata ni chujio lililo mbele yake. Wengi hununua chujio laini la karatasi la maikroni 10 na kulifunga kati ya tangi na pampu kwa nia njema ya kuilinda. Chujio hilo huikaba. Unywele wa binadamu una unene wa takriban maikroni 70, kwa hiyo chujio pana la maikroni 100 huonekana kana kwamba halifanyi kazi. Kazi yake ni kuzuia kutu na mchanga tu, na uchafu mdogo unaoziba injekta huachiwa chujio laini lililo baada ya pampu. Kile kichujio kidogo cha plastiki angavu cha kabureta nacho kisifungwe kamwe upande wa presha, kwa kuwa hupasuka.

Mshale ulio kwenye ganda la chujio uangaliwe pia. Inashangaza ni mara ngapi umetazama nyuma.

Vikiwa sawa vyote hivyo, kipimwe kinywa cha kutolea mafuta kwenye tangi. Tangi la kabureta mara nyingi lina mrija mwembamba, wakati mwingine na wavu wa ndani uliojaa kutu. Uondolewe mpira, mafuta yaachwe yatiririke kwenye chombo cha chuma, na mtiririko utazamwe: ukiwa mwembamba au wa kukatikakatika, mrija umeziba au haufai kwa kazi hii.

Gari linakosa nguvu au linazima mlimani, na huwa sawa tambarare

Malalamiko haya hutoka kwa wanaopanda kwenda Newala au Kitangari na mzigo. Mwenye gari atasema kwamba kuanzia Mtwara mpaka mguu wa mlima gari halikuwa na tatizo.

Kwanza aulizwe tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani. Kabureta huwa na kibakuli cha akiba, hivyo mrija wa tangi ukivuta hewa kwa sekunde mbili, dereva hatambui. Injekta hazina akiba. Gari likiinama, mafuta hukimbilia upande mmoja wa tangi lisilo na kuta za ndani, mrija unabaki hewani, na injini inakatika mara moja. Jaribio ni rahisi: tangi lijazwe na mlima uleule upandwe tena. Tatizo likitoweka, dawa ni kuweka tangi la injekta lenye pampu ndani yake, au kufunga tangi dogo la akiba la lita 1 hadi 2. Tangi hilo hujazwa na pampu ya presha ndogo, pampu ya injekta huvuta chini yake, mafuta ya kurudi kutoka kwenye regulata huingia humo, na ziada hutokea juu kwenda kwenye tangi kubwa. Pampu ya zamani ya kabureta, kama bado nzima, inaweza kufanya kazi ya kujaza tangi hilo, na hiyo ndiyo kazi pekee ya heshima iliyobaki kwake.

Kama tangi lilikuwa limejaa, geji ifungwe na ipelekwe mahali inapoonekana kutoka kwenye kiti, lakini nje ya kioo. Haifai kuingiza mpira wenye petroli ndani ya gari. Presha ikianguka wakati wa kukanyaga mafuta mpaka mwisho, chujio laini limeanza kuziba, au pampu ni ndogo, au umeme haufiki. Injini ya nguvu farasi 100 inayovutwa mpaka mwisho hutumia takriban nusu lita kwa dakika. Mpira wa kurudi ukielekezwa kwenye chombo na pampu kuendeshwa kwa dakika moja, lita moja au zaidi ni dalili njema. Chini ya hapo chujio laini libadilishwe na kipimo kirudiwe kabla ya kulaumu pampu. Umeme upimwe kwenye vituo vya pampu yenyewe injini ikiwa inaunguruma, si kwenye betri. Pungufu inayozidi nusu volti inatokana na waya mwembamba wa zamani au kiungio cha bodi kilicholiwa na kutu. Pampu ya injekta hula takriban ampea 4 hadi 8, kwa hiyo inahitaji rilei yake (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa) na fyuzi yake.

Hapa kuna onyo ambalo linapaswa kusimama peke yake. Pampu isiunganishwe moja kwa moja na swichi. Lazima rilei yake iamriwe na kompyuta ya injini, au na mfumo unaoikata pale injini inapoacha kuzunguka. Gari likipinduka na swichi ikiwa wazi, pampu iliyofungwa kienyeji itaendelea kumwaga petroli juu ya watu. Asiyejua mchoro wa nyaya za injini aliyoifunga amwite fundi umeme wa magari.

Linazima baada ya nusu saa, likipoa linawaka

Mfuniko wa tangi ufunguliwe mara tu gari linapozima. Ukisikika mvuto wa hewa kuingia, tundu la kupumulia limeziba, na tangi limekuwa likijinyonga. Nimeona tangi lililobonyea katikati kwa sababu hii. Njia ya hewa ikiwa safi, bomba lifuatwe kwa mkono baada ya injini kupoa, na kila sehemu iliyo karibu na bomba la moshi isogezwe au ikingwe kwa bati. Sababu ya tatu, isiyo ya kawaida sana, ni pampu yenyewe kuchoka: ikipata moto hukwama, ikipoa huzunguka.

Asubuhi stata inapigwa muda mrefu

Presha haikai kwenye bomba usiku. Injini izimwe na geji isomwe: kwa injini nyingi za Toyota inapaswa kubaki si chini ya psi 21 baada ya dakika 5. Ikianguka haraka, vali ya kuzuia mafuta yasirudi iliyo ndani ya pampu ndiyo hushukiwa kwanza, kisha regulata, na mwisho injekta inayodondosha. Njia ya muda ni kufungua na kufunga swichi mara mbili tatu kabla ya kupiga stata, kwa magari ambayo kompyuta yake huendesha pampu sekunde chache swichi inapofunguliwa. Injekta inayodondosha isiachwe, kwa kuwa petroli huosha kuta za silinda.

Moshi mweusi, sailensa (mwunguruko wa injini bila kukanyaga mafuta) nzito, na petroli inaisha haraka

Wengi hukimbilia sensa. Kwanza isomwe presha. Mpira mwembamba wa hewa unaotoka kwenye menifoldi (njia ya kuingizia hewa kwenye injini) kwenda kwenye regulata ukichomolewa na kuzibwa, injini ikiwa kwenye sailensa, presha huwa kwenye kiwango chake kamili; ukirudishwa, hushuka kwa takriban psi 7 hadi 10. Isiposhuka kabisa, mpira huo umetoboka au umechomekwa mahali pasipo na mvuto. Ndani ya mpira huo kukiwa na petroli, utando wa regulata umepasuka na inabadilishwa bila mjadala.

Presha ikiwa juu muda wote, tatizo hasa liko kwenye njia ya kurudi. Magari ya kabureta yana mrija mwembamba wa kurudi, au hayana kabisa, na fundi hutumia mrija wa mvuke badala yake. Mafuta yanayorudi yakibanwa, regulata haiwezi kushusha presha hata ikiwa mpya. Mpira wa kurudi uchomolewe kwenye regulata, uwekwe mwingine unaoingia kwenye chombo cha chuma chenye mdomo mpana, na injini iwashwe kwa muda mfupi mtu mwingine akiwa ameshika kizima moto. Presha ikishuka mpaka kiwango sahihi, bomba la kurudi libadilishwe kwa lenye milimita 8 hadi ndani ya tangi. Mwisho wake humo uwe chini ya usawa wa mafuta na mbali na mrija wa kuvutia, la sivyo mapovu yatarudishwa kwenye pampu.

Mafuta ya injini yananuka petroli

Kama pampu ya zamani ya kabureta imeachwa kwenye injini na mafuta ya presha kubwa yanapitia humo, utando wake umepasuka na petroli inaingia kwenye sampu, yaani bakuli la mafuta ya injini. Injini isiwashwe tena. Pampu iondolewe, tundu lizibwe kwa bamba na gasketi, na mafuta ya injini yamwagwe pamoja na chujio lake.

Chujio linaziba kila baada ya wiki chache

Tangi limeota kutu ndani. Gari lililokaa miaka miwili chini ya mwembe likisubiri msimu wa korosho huwa na maji na unga mwekundu chini ya tangi, na kabureta ilikuwa ikiishi na uchafu huo kwa sababu ulituama kwenye kibakuli. Chujio pana likatwe na lichunguzwe. Ukiwemo unga mwekundu, ni kutu. Yakiwemo matone yanayojitenga chini ya petroli, ni maji, na chanzo chake mara nyingi ni petroli ya madumu iliyonunuliwa njiani. Tangi lishushwe, limwagwe na lioshwe mara kadhaa. Likiwa limetoboka, hapo kazi ya mwenye gari na ya fundi wa kawaida inaishia: tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko tangi lililojaa, na wapo waliodhani kulijaza maji nusu kunatosha kabla ya kuchomelea. Lipelekwe kwa mtu mwenye vifaa vya kulitoa mvuke wote, au linunuliwe jingine. Baada ya tangi kurudishwa, machujio yote mawili yawe mapya, na lile pana lifunguliwe tena baada ya kilomita 500, kwa sababu kutu iliyolegea haitoki yote kwa mara ya kwanza.